Cheti cha ndoa unacho, sawa, lakini karatasi ya bibi yako inasemaje?

Juzi alikuja jamaa mmoja saiba yetu hapa Umoja, saa tisa hivi mchana, shati ya ofisi, mkononi bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha kuna plastiki na ndani ya plastiki kuna cheti cha ndoa kimelazwa vizuri utadhani ni hati ya shamba. Akaniambia, "Dada, niskanie hii vizuri, leo natuma ombi la kibali cha kazi Kanada. Bibi yangu ako Calgary, anaandika programu za kompyuta kwa kampuni moja huko, na ejenti amenihakikishia ati mwenzi anapewa kibali otomatiki bora uwe na cheti." Nikamuuliza kitu kimoja tu, kibali cha bibi yako kinaisha lini? Akaniangalia. Hakujua. Akampigia WhatsApp, huko ilikuwa bado alfajiri, mama wa watu akashika simu na sauti ya usingizi, akaambiwa atafute karatasi asome tarehe.

Nitarudi kwa huyo jamaa baadaye kidogo, ju kesi yake ndio inaonyesha hii mambo yote vizuri. Lakini si yeye peke yake. Tangu nianze kujazia watu fomu hapa, swali linaloulizwa sana si "nitapataje kazi majuu", hilo kila mtu ana ejenti wake wa kumdanganya, swali ni "nikienda, bwana yangu atafanya kazi?" ama "bibi akitangulia, mimi nikifuata nitakaa tu kwa nyumba nikiosha vyombo?" Na majibu ambayo watu wako nayo yanagongana. Mmoja anakwambia binamu yake alienda Uingereza na familia nzima na wote wanafanya kazi, mwingine anakwambia dada yake alinyimwa kuleta hata mtoto, na kila mmoja anaapa. Ukweli ni kwamba mara nyingi wote wawili wanasema ukweli, tofauti ni tarehe na aina ya kazi.

Kwanza tutenganishe maneno, ju hapa ndipo watu wengi wanapotea. Viza ni ruhusa ya kufika mlangoni na kubisha. Kibali cha kazi ni ruhusa ya kupokea mshahara ukishaingia. Unaweza kuwa na ya kwanza bila ya pili na uishi huko miaka mitatu ukitazama theluji kwa dirisha. Halafu kuna mwenye kazi, yule aliyeajiriwa na ambaye jina lake ndilo liko kwa mkataba, na kuna mwenzi, yaani mume ama mke anayemfuata. Kwa karatasi nyingi mwenzi anaitwa mtegemezi, neno ambalo wanaume wa Nairobi hawalipendi hata kidogo, nimeona mtu akikataa kuandika kwa fomu ati yeye hategemei mtu.

Njia rahisi ya kuelewa ni hii. Ukipanda matatu na umempakata mtoto, mtoto halipi. Anasafiri vizuri tu, anaona kila kitu unachoona, lakini hana kiti. Kondakta akitaka kujua mtoto anashukia wapi haulizi mtoto, anaangalia wewe umelipa mpaka wapi, na ukishuka Donholm na yeye anashuka Donholm, hata kama alikuwa anataka kufika Kayole. Mwenzi wa mfanyakazi majuu ni huyo mtoto aliyepakatwa. Safari yake, muda wake, haki yake ya kukaa hapo, vyote vinaning'inia kwa tiketi ya aliyempakata. Swali la kibali cha kazi ni moja tu: je, aliyepakatwa anaweza kupewa kiti chake? Kuna nchi zinampa kiti akiingia tu mlangoni. Kuna nchi anapewa kiti ikiwa tiketi ya aliyempakata ni ya daraja fulani. Na kuna nchi hapewi kabisa, akae kwa mapaja mpaka mwisho.

Ona sasa, kwa huo mfano hakuna mahali cheti cha ndoa kinampa mtu kiti. Cheti kinaonyesha tu kwamba huyo mtoto ni wako, hujamwokota steji.

Uingereza nianze nayo ju ndiyo inasumbua watu wengi hapa. Uingereza ni ile nchi ya kiti mlangoni. Ukikubaliwa kuingia kama mwenzi wa mtu mwenye viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, huombi kibali kingine, unaweza kufanya karibu kazi yoyote, ofisi, duka, kuendesha teksi, hata kujiajiri. Kitu wamekataa ni kuwa mwanamichezo wa kulipwa ama kocha. Kwa hivyo wale wanaouliza "nitaomba aje kibali cha bibi yangu nikiwa Uingereza" wanauliza swali ambalo halipo. Swali la Uingereza ni kama utaruhusiwa kumpakata kabisa, na hapo ndipo mlango umefungwa polepole.

Angalia tarehe. Mpaka mwanzo wa 2024 mtu aliyeenda kufanya kazi ya kutunza wazee alikuwa anaenda na bibi na watoto, na watu wa Nairobi wengi walienda hivyo, ndio hao binamu mnaosikia. Kutoka 11 Machi 2024 wafanyakazi wapya wa kutunza wazee na wagonjwa wakakatazwa kuleta mwenzi na watoto. Wale waliokuwa tayari kwa hiyo njia kabla ya hiyo siku waliachwa waendelee na kanuni ya zamani. Halafu 22 Julai 2025 wakafunga hata kuajiri watu wapya wa kutunza wazee kutoka nje, na kazi nyingine za chini ya kiwango cha digrii ambazo wameziweka kwa orodha ya muda, mtu akija kwa hizo anakuja peke yake. Wanafunzi nao, kutoka 1 Januari 2024, ni wale wa utafiti kama PhD ndio wanaruhusiwa kuja na familia, si wewe wa masters ya mwaka mmoja, na hii imevunja mipango mingi sana kwa sababu watu walikuwa wanatumia bibi kusoma na bwana kufanya kazi, ilikuwa hesabu nzuri hiyo.

Nesi aliyesajiliwa, daktari, mwalimu, injinia, hao bado wanaweza kwenda na wenzao. Lakini pesa ni mingi. Kila mtu mzima analipa ada ya afya pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza na inalipwa yote mara moja mwanzoni, yaani viza ya miaka 3 ni pauni 3,105 kwa mwenzi peke yake kabla hujaongea ada ya viza yenyewe. Walio kwa viza ya wahudumu wa afya, nesi na daktari, wamesamehewa hiyo pamoja na familia zao, na hii watu wengi hawajui, nimeona mtu akikopa sacco pesa ambazo hakuwa anadaiwa. Mwenzi pia aonyeshe akiba ya pauni 285, isipokuwa mwajiri ameandika kwamba atasimamia. Na sisi Wakenya tunapimwa TB kabla ya kutuma, hiyo usisahau.

Kanada sasa. Hapa ndipo kibali cha mwenzi kipo chenyewe kama karatasi kamili na ndipo uongo ni mwingi zaidi.

Kanada wako na vibali vya aina mbili. Kuna kibali kilichofungwa kwa mwajiri mmoja, hiki ni kama kadi ya kuingia geti la kampuni, inafungua hilo geti tu na ukifutwa inakuwa plastiki. Halafu kuna kibali cha wazi, hiki ni kama kitambulisho, unatembea nacho kwa mwajiri yeyote. Mfanyakazi mwenyewe mara nyingi anapewa kile cha kufungwa, na mwenzi wake, akikubaliwa, anapewa cha wazi. Inachekesha kidogo, aliyepakatwa anapata kiti kizuri kuliko aliyempakata, anaweza kubadilisha kazi Jumatatu na Ijumaa bila kuuliza mtu.

Ni nani anakubaliwa? Kanada wameziweka kazi zote za nchi kwa ngazi wanazoita TEER, kutoka 0 mpaka 5. 0 ni mameneja. 1 ni kazi ambazo kwa kawaida zinataka digrii, kama mhasibu, nesi aliyesajiliwa, mwandishi wa programu. 2 na 3 ni za diploma na mafunzo. 4 ni za kumaliza sekondari na 5 hazitaki cheti chochote. Kati ya 30 Januari 2023 na 21 Januari 2025 walikuwa wamelegeza, mwenzi wa mtu wa ngazi karibu yoyote alikuwa anaweza kupata, na hicho kipindi ndicho kilizaa hii hadithi ya "otomatiki" ambayo maejenti bado wanaimba. Kutoka 21 Januari 2025 wamekaza. Sasa mwenye kazi lazima awe ngazi ya 0 ama 1, ama awe kwa baadhi ya kazi za ngazi ya 2 na 3 ambazo wamezichagua, za afya, ujenzi, sayansi, elimu, maliasili, michezo na jeshi. Kutunza wazee nyumbani kwa mtu, hiyo ni ngazi ya 4. Kuchuma matunda shambani, 5. Kuuza kwa kaunta ya chakula, 5. Mwenzi wa hao hapati kibali cha wazi kwa hii njia, hata wawe na cheti cha ndoa kilichobarikiwa na askofu mwenyewe. Wanaofuata ukaazi wa kudumu wako na kanuni zao tofauti, na watoto wakubwa ambao zamani walikuwa wanapewa kibali kupitia mzazi wameondolewa siku hiyo hiyo.

Na kuna sharti la pili, ambalo ndilo lilinifanya nimuulize yule jamaa tarehe. Siku ombi la mwenzi linapopokelewa, kibali cha mwenye kazi lazima kiwe kimebakisha angalau miezi 16. Kilitolewa cha miezi mingapi, hiyo haiwahusu, wanahesabu iliyobaki. Kwa hivyo mtu aliyepewa kibali cha miaka miwili ako na dirisha la miezi minane tu ya kumwita mwenzake, na watu wetu tunavyopenda kusema "acha kwanza nitulie, nipate nyumba, nilipe deni la tiketi, ndio nikuite", ile kutulia yenyewe ndiyo inakula dirisha.

Ada zenyewe si za kutisha. Kibali ni dola za Kanada 155, ongeza 100 ya kibali cha wazi, ongeza 85 ya alama za vidole na picha. Jumla 340. Kwa bei ya dola yao ni shilingi elfu thelathini na kitu, halafu uchunguzi wa afya kando. Sasa mtu akikuitisha laki moja na nusu ya "kuprosesi" muulize zile zingine ni za nini. Na Kanada ni mawakili wao na washauri wenye leseni pekee wanaoruhusiwa kulipwa kukuwakilisha kwa mambo ya uhamiaji, orodha ya hao washauri iko wazi onlaini, unaandika jina unaona. Ejenti wa Nairobi anaweza kuwa amesajiliwa hapa kama mtu wa kutafutia watu kazi, hiyo ni sawa, lakini hiyo karatasi haimfanyi kuwa mshauri wa Kanada. Mimi mwenyewe ninakuskania na kukuchapia, nalipwa pesa ya saiba, basi.

Uchunguzi wa afya nao uko na siri ndogo. Kibali cha wazi kinaweza kuja na mstari chini umeandikwa kwamba huruhusiwi kufanya kazi ya kulea watoto, kufundisha shule za msingi na sekondari, ama huduma za afya. Mtu anafika, anapata kazi kwa nyumba ya wazee wiki ya kwanza, mwajiri anasoma karatasi anamwambia pole sana. Huo mstari unakuja kama hukupimwa na daktari aliyekubaliwa na Kanada kabla. Kama unajua unaenda kutafuta kazi za namna hiyo, na tuseme ukweli wengi wetu ndizo tunatafuta, pimwa kwanza hata kama unaona ni gharama. Kitu kingine ni paspoti. Kibali hakiwezi kuzidi siku ya mwisho ya paspoti yako, kwa hivyo ukienda na paspoti ya kumaliza mwaka ujao utapewa kibali cha kumaliza mwaka ujao, hata kama bibi ako na miaka mitatu. Na ile barua unayopata kwa imeili ikisema umekubaliwa si kibali, ni utambulisho wa kuonyesha uwanja wa ndege, kibali chenyewe kinachapwa hapo kaunta ukishuka, na hapo hapo ndipo mahali pa kusoma jina na tarehe kabla hujatoka, usione haya, foleni itangoja.

Marekani nitapita haraka kwa sababu ni msitu. Mtu akienda na viza ya kazi inayoitwa H-1B, mwenzi wake anapata H-4, na H-4 yenyewe hairuhusu kazi. Tangu 26 Mei 2015 baadhi yao wanaweza kuomba kadi ya kazi, lakini mpaka yule mwenye H-1B awe ameshafika hatua fulani ya kutafuta grini kadi kupitia mwajiri, yaani ombi la mwajiri limekubaliwa, ama ameongezewa muda kupita miaka sita kwa sababu ya hiyo foleni ya grini kadi. Mtu mpya ambaye amefika jana, mwenzi wake atakaa. Lakini aliyehamishwa na kampuni yake kutoka ofisi ya Nairobi hadi ofisi ya Marekani, hiyo ni viza L, mwenzi wake tangu Novemba 2021 anaweza kufanya kazi bila kungoja kadi, karatasi yake ya kuingia ikiwa imeandikwa L-2S. Herufi moja hiyo S, ikikosekana mwajiri anakataa. Mwenzi wa mwanafunzi, F-2, hakuna kazi kabisa. Mwenzi wa aliyeenda kwa programu ya mabadilishano, J-2, anaweza kuomba. Ukiona hivyo utaelewa kwa nini ukiuliza "Marekani mwenzi anafanya kazi?" hakuna mtu mwenye akili atakujibu ndiyo ama hapana.

Ujerumani ni ya kiti mlangoni pia. Mwenzi anayejiunga na mfanyakazi anapata ruhusa kamili, kadi yake inaandikwa Erwerbstätigkeit erlaubt, maana yake kazi inaruhusiwa. Kizingiti ni lugha, mwenzi kwa kawaida anatakiwa afaulu Kijerumani cha kwanza kabisa, A1, kabla ya viza, lakini mwenzi wa mtu mwenye Blue Card, kile kibali cha wataalamu wenye digrii, amesamehewa hiyo. Na tuache ile hadithi ya kazi 250,000 iliyozunguka baada ya Kenya na Ujerumani kutia saini mkataba wa uhamiaji Berlin 13 Septemba 2024. Wizara yao ya Mambo ya Ndani yenyewe ilikanusha kwamba kuna namba yoyote kwa huo mkataba. Bado naletewa watu wakiuliza "zile laki mbili na nusu zimebaki ngapi".

Kabla hamjawaona wazungu ni wabaya, hapa kwetu ni vile vile, hata zaidi. Mgeni akija Nairobi na kibali cha kazi, mwenzi wake anapewa pasi ya mtegemezi, na hiyo pasi haimruhusu kufanya kazi, hata ya kufundisha watoto piano Kilimani jioni. Akitaka kazi atafute mwajiri wa kumwombea kibali chake kamili, na mwajiri aeleze kwa nini Mkenya hawezi hiyo kazi. Wenzetu wa Afrika Mashariki ndio wana afadhali, ju itifaki ya soko la pamoja iliyoanza 1 Julai 2010 inasema mwenzi anayeandamana na mfanyakazi ana haki ya kuajiriwa ama kujiajiri, ingawa makaratasi bado utayafuata.

Turudi kwa cheti sasa, ju nimekidharau sana na hakifai kudharauliwa. Nusu ya watu wanaokuja hapa wameishi pamoja miaka, wako na watoto wawili, wanalipa kodi ya nyumba pamoja, lakini harusi hawakufanya. Kwa mtaa ni bibi na bwana. Kanada wataelewa hiyo ikiwa mnaweza kuthibitisha mmeishi pamoja miezi 12 mfululizo, na kuthibitisha si kuapa kwa wakili, ni mkataba wa nyumba wenye majina mawili, bili, akaunti ya pamoja, barua. Sasa niambie plot gani Umoja imeandika majina mawili kwa mkataba, keateka anakuandikia risiti kwa karatasi ya daftari. Uingereza wanataka uhusiano wa miaka miwili kama ndoa. Marekani hawana hiyo kabisa, mmeoana ama hamjaoana. Ujerumani pia wanataka ndoa.

Wale waliofanya ruracio, yaani kupeleka mahari kimila, waliopeleka ng'ombe, waliokubaliwa na wazee, hiyo ni ndoa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua, na hata inasema pale mahari inapohitajika kuthibitisha ndoa, sehemu kidogo ya ishara inatosha, kwa hivyo usiogope ati bado una deni la mbuzi kumi. Lakini isajiliwe. Bila cheti kutoka kwa msajili wa ndoa, afisa wa viza aliyekaa ofisini mbali huko hajui mbuzi. Unaanzia eCitizen na mambo ya ana kwa ana ni Sheria House pale Harambee Avenue. Na mwenye bibi wawili, sheria yetu ya kimila inaruhusu, ila Kanada na Uingereza wanampokea mmoja.

Majina nayo. Cheti kinasema Wanjiku, paspoti inasema Wanjiku na jina la bwana mbele, fomu ya mwenye kazi aliyoijaza akiwa huko mwaka jana iliandika "hajaoa" ju aliharakisha. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote. Kama mwenye kazi alisema hana mwenzi wakati wa ombi lake la kwanza na sasa mwenzi anatokea na cheti cha 2019, hiyo inaonekana kama uongo na inaweza kumwangusha hata yeye aliyekwisha kufika. Nimewahi kukaa na mama mmoja hapa mpaka saa mbili usiku tukiandika barua ya kueleza kisanduku kimoja tu ambacho bwana yake aliweka tiki vibaya.

Sasa yule jamaa. Bibi yake akarudi kwa simu, akasoma tarehe polepole, jamaa akahesabu kwa vidole kutoka mwezi huu, akafika mkono wa kwanza, wa pili, akaanza tena wa kwanza. Kumi na nne. Bibi ana ngazi ya 1, wameoana kanisani, cheti safi, paspoti mpya, kila kitu kiko sawa na miezi imepungua miwili. Wangetuma Machi ingeingia. "Na ejenti alikuwa anajua?" akaniuliza. Nikamwambia sijui ejenti anajua nini, ila pesa umelipa lini? Akanyamaza kidogo. "Desemba."

Hakuna ujanja hapo. Bibi lazima kwanza aongee na mwajiri, mkataba uongezwe, kibali chake kiongezwe muda, na kikitoka kipya chenye zaidi ya miezi 16 ndio ombi la bwana liingie, tena liingie wiki hiyo hiyo, si baada ya kutulia. Katikati anaweza kuomba viza ya kutembea akamwone, lakini kwa hiyo hafanyi kazi, na akatae kabisa yule atakayemwambia aende na ya kutembea halafu "abadilishie huko" kama vile ni kitu cha hakika. Nilimskania cheti chake hata hivyo, pande zote mbili, nikamtumia kwa imeili ikae. Shilingi ishirini. Akaniuliza kama uchunguzi wa afya anaweza kufanya sasa ili asipoteze muda, nikamwambia angoje kwanza, majibu yake yanatumika mwaka mmoja, na huo mkataba wa bibi bado haujasainiwa.